Juma Moja na Liemba, Meli ya Mizigo Iliyokwenda Vitani

Jumapili, Dar es Salaam

Kazi yangu ni kuhesabu mizigo. Nimezeeka gatini na ubao wa kuandikia mkononi, nikitia vijistari vitano vitano. Kwa hiyo nikisimuliwa meli ya vita siulizi kwanza ilikuwa na mizinga mingapi. Nauliza ilibeba nini, na nani aliushusha mzigo. Safari hii niliifanya kabla Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, haijasimama kusubiri matengenezo makubwa. Haya ni maandishi ya daftari langu, nimeyanyoosha pale tu karatasi ilipolowa mafuta ya migebuka, samaki wa ziwa hilo.

Treni ya Kigoma inaondoka jioni. Asubuhi nikatoka Kariakoo kwa miguu hadi bandarini, na njia yenyewe ni sehemu ya habari hii. Jina Kariakoo limetokana na kambi ya "Carrier Corps", wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tunanunua vitunguu na simu mahali walipolala watu waliobeba vita vya wenzao kichwani.

Pale bandarini nilisimama nikijaribu kupiga picha akilini. Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer, mjini Papenburg kaskazini mwa Ujerumani, kiliunda meli ya abiria na mizigo yenye urefu wa mita 71 na ushei. Kisha kikaifungua vipande vipande, kikavitia ndani ya masanduku 5,000. Masanduku yale yalishushwa hapa Dar es Salaam. Elfu tano! Mimi nimeona kontena moja likipotea kwenye makaratasi, likatafutwa miezi miwili, na lilikuwa na urefu wa basi. Hapa ukikosa sanduku moja la ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia mabamba, meli haifungiki, na duka la kununua jingine liko Ulaya.

Liemba ya leo wakati ule iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala huku kuanzia 1901 hadi 1906. Ndiye aliyekuwa kitini Maji Maji ilipolipuka, vita ambavyo njaa iliua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Jina la namna hiyo kupewa chombo cha kubeba chakula! Nimeliandika, nikafunga daftari nikaenda stesheni.

Jumatatu, ndani ya treni

Usiku umeishia Kilosa. Asubuhi Dodoma, vumbi na upepo. Mchana Saranda, ambako kila mwenye dirisha amenunua kuku. Sina mengi ya kuandika juu ya bara hili la katikati, isipokuwa kwamba reli yenyewe ndiyo tumbo lililoizaa meli. Ilianzia Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Agosti ya mwaka huohuo vita vikaanza. Kama wajenzi wangechelewa miezi saba tu, masanduku yale yangebaki yanaoza mahali fulani njiani.

Treni imesimama saa nzima porini bila maelezo. Mama mmoja mwenye ndoo za asali ameniuliza naenda Kigoma kufanya nini. Nikamwambia, "Kuangalia meli, mama." Akanitazama kama mtu anayekwenda Mwanza kuangalia baiskeli.

Reli hiihii ilipitisha pia mzinga. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaiharibu tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani hawakukubali kuacha chuma kizuri kiliwe na tope. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikaburutwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, na mmoja ukapandishwa treni kuja huku ziwani kufungwa juu ya sitaha ya Goetzen. Kipande cha meli ya baharini kikasafiri kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili nchi kavu kwenda kuwa kipande cha meli ya ziwani. Tabora tumeingia gizani. Nimenunua asali ya yule mama kabla hajashuka.

Jumanne, Kigoma

Uvinza alfajiri, harufu ya moshi wa kuni na mifuko ya chumvi imepangwa kando ya reli. Kisha mteremko, na ziwa likajitokeza ghafla upande wa kushoto, abiria wote wakageuza shingo hata wale waliozaliwa hapa.

Stesheni ya Kigoma ni jengo kubwa la Kijerumani lenye nguzo na matao. Chini yake kuna bandari, na Liemba ilikuwa palepale imefungwa kamba, nyeupe iliyochujuka, mstari wa kutu ukifuata ribiti. Nilishangaa ilivyo nyembamba. Mita kumi tu kwa upana.

Nje ya lango nilimkuta mzee mmoja kwenye benchi, ambaye watu walinielekeza kwake wakisema alifanya kazi kwenye boila enzi za mvuke, kabla injini za dizeli hazijawekwa miaka ya sabini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuiona?"

"Nimekuja kupanda, mzee."

"Kupanda si kazi. Kazi ni kuipakia." Nikajua nimefika kwa mtu wangu.

Yeye alinionyesha kwa fimbo upande ambako meli iliunganishwa. Kutoka Papenburg walikuja mafundi watatu tu: Anton Rüter aliyekuwa msimamizi, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Watatu hao hawangeweza kugonga ribiti za meli nzima. Waliozigonga, waliochochea moto wa kuzipasha na kunyanyua mabamba ni vibarua Waafrika na mafundi wa Kihindi, na majina yao sikuyakuta popote. Vita viliwakuta katikati ya kazi. Meli iliyokuwa iwe ya abiria na biashara ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiwa mali ya jeshi, na Juni ikaanza kazi.

Mabaharia wake walikuwa wa kuazima. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha wenyewe chombo chao kidogo cha kupima bahari, Möwe, pale Dar es Salaam, kisha watu wake chini ya kamanda Gustav Zimmer wakapanda treni kuja ziwani. Hebu fikiria, baharia aliyekata tiketi ya reli kwenda kupigana vita vya majini.

Jioni nimekula mgebuka wa kukaanga na ugali. Sisemi zaidi, nisije nikaharibu daftari.

Jumatano, gatini hadi usiku

Tangu saa mbili asubuhi nimekaa juu ya gunia nikihesabu. Saruji, unga, soda, magodoro, mabati, vitanda vya chuma, pikipiki tatu zilizofungwa blanketi. Winchi inalia, makuli wanaimba kwa pumzi fupi, na karani wa hapa ananitazama kwa shaka kwa sababu vijistari vyangu vinafanana na vyake.

Meli hii inabeba tani 200 za mizigo na abiria 600. Mbele ya soda na magodoro nikafanya hesabu ambayo vitabu vya vita huiruka. Mpagazi alibeba takribani kilo 30. Tani 200 kwa kichwa ni watu 6,600 na zaidi. Na mpagazi anakula. Mpe kilo moja ya nafaka kwa siku, na ndani ya mwezi mmoja amekula mzigo wake wote bila kumfikishia askari hata punje, wala sijahesabu chakula cha kumrudisha kwao. Ndiyo sababu vita vya Afrika Mashariki vilimaliza wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na utapiamlo.

Sasa weka meli moja mahali pa msafara huo. Kutoka Kigoma hadi ngome ya kusini iliyoitwa Bismarckburg, ambayo ndiyo Kasanga ya leo, ni safari ya siku mbili kwa maji. Goetzen ilisafirisha askari, risasi na chakula kati ya ncha hizo mbili, na Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, upande wa Kongo, hawakujua askari watashuka wapi kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyolitawala ziwa kabla yake, ilikuwa na urefu wa mita 20 hivi. Hata Goetzen isingekuwa na mzinga hata mmoja, kwa tumbo lake tu ilikuwa imewabana adui.

Ratiba inasema saa kumi jioni. Tumeng'oa nanga saa mbili na nusu usiku. Nimelala sitahani kati ya magodoro ya mtu mwingine, aliyenikubalia kwa sharti nisiyakalie kwa viatu.

Alhamisi, ziwani

Usiku tumesimama mara mbili, lakini kusimama kwa Liemba si kufika. Vituo vingi havina gati. Meli inapiga honi gizani, taa zinawaka ufukweni, kisha mitumbwi inakuja mbio na kugombania ubavu wa meli. Mlango wa pembeni unafunguliwa, mama anateremshwa kwa mkono, mtoto anarushwa, mbuzi anavutwa pembe, mtu anapiga kelele kwamba begi lake limebaki. Nusu saa ya fujo, halafu giza linarudi. Nimewaza jinsi askari walivyoteremshwa hivihivi, na sanduku la risasi likiponyoka mkononi lilikwenda wapi. Kina cha ziwa hili kinazidi mita 1,400.

Tulipita milima ya Mahale kabla ya mapambazuko. Upande wa magharibi, ng'ambo, ndiko Kalemie, na hapo kati ndipo habari inayopendwa na Wazungu ilipotokea. Naifupisha kwa sababu imeshaandikwa sana, lakini siwezi kuiacha kwa ajili ya jina moja.

Waingereza walituma boti mbili za mbao za mota, kila moja kama mita 12, kwa meli kutoka London hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikashushwa mto Lualaba, zikapanda treni tena hadi ziwani. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wakakataa. Akazipa majina ya Kifaransa ya kitoto yenye maana ileile, Mimi na Toutou, wakakubali. Nawaza wapagazi waliozivuta na kamba mabegani, wenye Kiswahili miongoni mwao, wakiuliza boti hii inaitwaje na kujibiwa: Mimi. Lazima mtu alicheka pale mlimani.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, chombo kidogo cha Mjerumani ambacho mzinga wake ulielekea mbele tu. Wakaiita Fifi. Hedwig ikatumwa kuangalia mwenzake amepotelea wapi, ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Kesho yake, Goetzen ikaja yenyewe kumtafuta Hedwig. Ikapita polepole mbele ya pwani ile, vijana wa Spicer-Simson wakisubiri amri ya kutoka. Hakutoka. Wapo waliomcheka baadaye. Mimi nimekaa juu ya sitaha ile, nimepima kwa hatua pale mbele palipofungwa mzinga, na nasema boti ya mbao ya mita 12 yenye mzinga wa kuchezea haina biashara na mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya bahari kuu.

Saa sita mchana tukafika Karema. Mitumbwi ikaja na kamba za dagaa na mikungu ya ndizi. Pikipiki moja ikateremshwa kwenye mtumbwi, watu wanne wakiishika kama mgonjwa, kila mtu mdomo wazi. Ilifika. Watu wa pwani wakapiga vigelegele.

Ijumaa, Kasanga

Hapa kuna gati, kwa hiyo tumeshuka kama watu. Liemba imeendelea Mpulungu, Zambia, na itarudi usiku.

Mabaki ya boma la Bismarckburg yako juu ya rasi, kuta nene na majani yakichipua kwenye nyufa. Kijana aliyenisindikiza ni mvuvi, alitaka zaidi kujua bei ya nyavu Dar es Salaam. Tulikaa juu ya jiwe nikamhadithia hivi.

Juni 1916 majeshi ya nchi kavu ya Mwingereza yalikuja kutoka kusini kuibana ngome hii, na Spicer-Simson alitakiwa kufunga njia ya majini. Alipoiona mizinga imejipanga ukutani, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani na askari wao wakaingia kwenye mitumbwi wakatoroka. Waingereza walipoingia bomani wakaigusa mizinga. Ilikuwa ya mbao.

Yule mvuvi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kwa hiyo waliogopa kinu?"

Cheka, lakini Kigoma nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Kufikia wakati huo Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alikuwa amekwisha kuagiza mzinga mkubwa wa Goetzen uondolewe kwa sababu anauhitaji kwenye mapigano ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mfano wa mbao. Mwezi huohuo wa Juni ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliruka kutoka ng'ambo na kuangusha mabomu Kigoma. Meli iliyoogopwa ziwa zima ilikuwa imerudi kuwa ile iliyoundwa Papenburg, chombo cha mizigo. Na hata mizigo ilikuwa inakwisha, maana ncha ya kusini imekatwa.

Liemba imerudi saa nane usiku. Tuliipanda tukiwa tumelala nusu.

Jumamosi, tukirudi kaskazini

Upepo, mawimbi, watu wanatapika. Nimeandika kidogo.

Baharia mmoja, alipoona nauliza habari za vita, aliniambia kwa ukali kidogo kwamba vita vya meli hii havikuisha zamani. Ni kweli. Mwaka 1997 Liemba na mwenzake Mwongozo zilirudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Zaire, Liemba peke yake ikienda Uvira mara 22. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Kagunga hakuna gati. Mitumbwi iliwaleta ubavuni watu 600 kwa safari moja, mlango uleule nilioona mbuzi akivutwa pembe.

Nilimuuliza waliwahesabuje. Akasema kwa vichwa, mlangoni, na waliobebwa mgongoni walisahaulika mara nyingi ikabidi waanze upya.

Jumapili, Katabe na Kigoma

Asubuhi tulivu. Kabla ya kuingia bandarini tumepita karibu na ghuba ya Katabe, na nimesimama upande wa kulia kuitazama.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, na reli ya kwenda Tabora ilikuwa njia pekee iliyobaki. Zimmer akaamuru meli izamishwe. Kazi hiyo walipewa walewale waliokuja na masanduku, Rüter na wenzake. Hawakuilipua. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakajaza mchanga tumboni ili izame sawasawa, kisha tarehe 26 Julai wakafungua maji yaingie. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Kwa macho ya karani wa mizigo, ile ni shehena iliyowekwa ghalani. Mtu anayekusudia kuharibu hapaki grisi. Wabelgiji waliinyanyua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaitoa tarehe 16 Machi 1924, wakafungua injini, wakaikuta grisi imefanya kazi yake miaka karibu minane. Mei 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji likiitwa ziwa hili.

Mzee wa boila alikuwa benchini palepale. Nikamuuliza kama aliwahi kuiona grisi ya Wajerumani. Akasema yeye alikuta ya Waingereza, na hiyo pia ilikuwa inakwisha.

Kamba hazijakaza, makuli tayari wamerukia sitaha. Mahindi ya kusini, mchele, dagaa. Nimetoa daftari nikaanza kuhesabu magunia kwa mazoea, vijistari vitano vitano. Nilipofika mia tatu na kumi na mbili karani wa Kigoma akaja, akanitazama begani, akaniambia nimekosea, ni mia tatu na kumi na tatu. Tukarudia. Alikuwa sahihi.